Mstari wa Kiu

Dongobesh, Jumapili 4 Desemba 2005

Mvua hakuna.

Kipimo cha mvua cha shule kiko nyuma ya ofisi ya walimu, na kukisoma ni kazi yangu kwa sababu nafundisha baiolojia. Tangu Novemba ianze nimekuwa nikiandika sifuri tu, na sifuri zinachosha. Nimeanza daftari hili ili niandike na mambo mengine ya msimu. Leo kuna jambo: Alfredi amerudi.

Tulikaa dawati moja kidato cha tano na cha sita. Kitabu cha baiolojia kilikuwa kimoja, changu, tukakisoma kwa zamu. Mwaka wa matokeo baba akafariki. Nikachagua chuo cha ualimu kwa kuwa kilikuwa cha muda mfupi na mama amebaki peke yake. Alfredi akaenda chuo kikuu, halafu Ulaya. Sasa ni Daktari Alfredi, na leo baada ya ibada alisimamisha gari la mradi mbele ya nyumba yangu.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama yangu, akainama kabisa.

"Marahaba. Umenenepa, mwanangu. Karibu ndani."

Alitueleza anachotafuta. Anazunguka Hanang na Mbulu kukusanya mitama ya zamani. "Mbegu za dukani zimeingia kila mahali," alisema. "Zamani mtu alipanda alichopewa na mama yake. Sasa kila senta ina duka la pembejeo. Tukichelewa, mitama hii itapotea kabla hatujajua hata ilitoka wapi."

Anahitaji mtu wa kufanya naye kazi: anayejua kilimo, anayeongea Kiiraqw, ambaye akina mama wazee watamfungulia vihenge vyao. Nilikaa vizuri kwenye kiti. Shule zinafungwa wiki hii. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie hivyo.

Alfredi akageuka. "Shemeji Natalia, si wewe ulisomea kilimo?"

Mke wangu alikuwa amesimama na birika la chai. Ana cheti cha kilimo ambacho kimelala sandukuni tangu Brightness azaliwe, na binti yetu sasa ana miaka mitano. Alilitazama birika, akanitazama mimi, akasema, "Ndiyo, ni mimi."

Nilisema ni jambo jema. Nilisema hivyo mara mbili.

Jumanne 6 Desemba

Mvua hakuna. Natalia amenunua raba za kutembelea porini.

Jumamosi 10 Desemba

Mvua hakuna. Mawingu yalikuja hadi juu ya bonde, yakasimama, yakaondoka.

Natalia amerudi kutoka tambarare za Hanang, vumbi hadi kwenye nyusi. Hata hakunywa maji kwanza. Alinionyesha vifuko vya majani ya mtama yaliyofukiwa ndani ya chembechembe za buluu. Zile chembe hunyonya unyevu, na zikishiba zinageuka rangi ya waridi. Hapo unaziondoa na kuweka nyingine. Jani likikauka haraka namna hiyo, vinasaba vyake haviharibiki, hata ukilisafirisha mbali.

"Baba Bright, unajua kwamba kloroplasti ina vinasaba vyake yenyewe? Siyo vya kiini cha seli. Vyake."

"Najua. Ninafundisha."

"Na kwenye mtama vinatoka kwa mama tu. Chavua ya baba haileti hata kimoja. Kwa hiyo ukivisoma unaweza kurudi nyuma, mama, bibi, mama wa bibi, mpaka ujue mbegu ya Mbulu na mbegu ya Hanang zilikuwa na mama mmoja au la."

Hilo la mama tu nilikuwa silijui. Nilimwambia akaoge, maji yapo kidogo.

Jumanne 13 Desemba

Mvua hakuna. Alfredi ameleta ndoo kubwa, nyingi, na karatasi ya nailoni ya kuezekea. Wamejenga kibanda uani kwangu, upande wa zizi, kuta hakuna, paa tu. Aina nne za mtama zimepandwa. Tatu walizikusanya Hanang. Ya nne ni ya mama yangu.

Nilikuwapo alipoitoa. Mama ni mtu wa Bashay, kijiji cha huku huku Mbulu. Alipoolewa na baba alikuja na mbegu hiyo, na mpaka leo anapanda tuta moja kila mwaka, ingawa sisi wote tunakula mahindi. Alimimina punje mkononi mwa Natalia, akakifunga kiganja chake kwa mikono yake miwili.

Mimi sijawahi kuombwa kushika zile punje. Wala sikuwahi kuomba.

Jumapili 25 Desemba

Krismasi. Mvua hakuna, na mahubiri yote yalihusu mvua.

Alfredi alikuja na kreti ya soda na gauni la Brightness. Mama alichinja kuku. Mtama uani umeshatoa majani matatu matatu. Alfredi na Natalia walikwenda kuutazama kabla ya kula, wakakaa huko hadi wali ukapoa. Nilikwenda kuwaita. Walikuwa wamechuchumaa kila mmoja upande wake wa ndoo, wakibishana juu ya jani. Natalia alikuwa anamkatalia. Mtu mwenye shahada tatu, na mke wangu anamwambia, "Hapana, daktari, tazama vizuri," naye anatazama vizuri.

Mezani Alfredi alimwambia mama, "Huyu Emanuel alikuwa akinishinda baiolojia kila mtihani. Kila mtihani, mama!" Wote wakacheka kwa furaha.

Bora angenisema vibaya.

Jumatatu 9 Januari 2006

Shule imefunguliwa. Mvua hakuna. Wanafunzi wanaagizwa kuja na maji kwenye vidumu.

Jumatatu 16 Januari

Mvua hakuna. Wafugaji wamepandisha ng'ombe kutoka chini, wanatafuta majani huku kwetu, na huku kwetu hakuna. Nimeona ndama amelala barabarani, hapishi gari.

Katika ofisi ya walimu Ignasi, anayefundisha hesabu, aliniuliza kama nimepata dereva. "Naona mama watoto anapita na gari kila siku." Walicheka. Nami nilicheka, kisha nikasahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu mpaka ikatoboa karatasi.

Jumatano 1 Februari

Mvua hakuna.

Leo jaribio lenyewe limeanza. Kila aina ya mtama ina mistari miwili ya ndoo. Mmoja utaendelea kunyweshwa. Mwingine hautapewa tone mpaka Natalia aseme basi. Huo anauita mstari wa kiu. Kila asubuhi anapima uzito wa kila ndoo kwenye mizani, ili ajue maji yaliyopotea, halafu anahesabu majani yaliyo bado kijani.

Mama alisimama pembeni, mikono mgongoni. "Mwanangu, mbingu imetunyima. Na wewe unanyima tena?"

"Mama, nataka kujua upi unavumilia."

"Si ungeniuliza?"

"Nakuamini, mama. Ila wao huko maabara hawakujui."

Mama alicheka, akaenda zake. Lakini kila akipita pale anageuza uso.

Alhamisi 9 Februari

Mvua hakuna. Mmea ukikosa maji hukunja majani. Saa za jua kali majani ya mtama hujiviringisha kama bomba ili maji yasitoke, na jioni hufunguka. Ukizidi kukauka, mmea huanza kubomoa majani yake ya chini. Hubomoa kloroplasti zake wenyewe, zile chembe zinazotengeneza chakula kwa jua, kijani inakwisha, na chakula kilichokuwamo hupandishwa kwa majani machanga. Aina mbili za Hanang tayari zina njano nusu. Ile ya tatu inajikaza.

Ya mama yangu ni kijani tupu. Kana kwamba haina habari.

Natalia alinishika mkono, akanivuta nikaone. "Baba Bright, ikiendelea hivi wiki mbili tu, daktari amesema nitakwenda naye maabara Dar es Salaam. Nitatoa vinasaba mwenyewe. Na kuna nafasi ya kusoma, ya mtu mmoja. Kuna kijana wa Dodoma anaitaka. Lakini nikiwa na hii..."

Nilimwambia vizuri sana. Usiku sikupata usingizi.

Jumamosi 11 Februari

Mvua hakuna. Nimefanya jambo la kijinga na naliandika.

Natalia aliondoka jana kwenda Katesh. Alisema watalala huko ili wapande miteremko ya Hanang alfajiri kutafuta mtama mwitu. Leo nilimwambia mama nina kikao cha walimu Babati. Nikapanda gari hadi Dareda, hapo nikapata basi la Singida, nikashuka Katesh saa za mchana, mlima uko pale juu ya paa za maduka bila hata kofia ya wingu.

Sikuwa na haja ya kuuliza. Gari la mradi lilikuwa limesimama nje ya mgahawa karibu na soko. Nilijisogeza upande wa pili kwenye duka la kandambili, nikajifanya nachagua. Walikuwa wamekaa mezani barazani, pamoja na dereva wao na mama mmoja wa Kibarbaig mwenye bangili za shaba, ambaye nadhani ndiye aliyewapa moja ya zile mbegu tatu za Hanang. Mezani palikuwa na mashuke ya mtama mwitu. Natalia alikuwa anaongea. Alfredi alikuwa anaandika anachosema Natalia. Hakumtazama usoni wala kifuani. Alitazama karatasi, akiandika mbiombio asipitwe, kama tulivyokuwa tukiandika sisi zamani mwalimu akiimla.

Natalia alishika shuke, akamwonyesha yule mama, akasema kitu, wakacheka wote.

Nilisimama pale na kandambili mkononi. Ningewakuta wameshikana mikono ningejua la kufanya. Kuna maneno ya kusema, kuna wazee wa kuwaita, na kila mtu angekuwa upande wangu. Lakini hapakuwa na kitu. Palikuwa na kazi tu, na mke wangu anaijua, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao mimi sijauleta miaka mingi.

Nilirudi bila kuwasalimu. Mama aliuliza kikao kilikuwaje. Nikasema kizuri.

Jumatano 15 Februari

Mvua hakuna. Kisima cha shule kimekauka. Ya mama bado ni kijani.

Jumapili 19 Februari

Mvua hakuna. Sikwenda kanisani, nimesema tumbo linauma.

Jumatatu 20 Februari

Mvua hakuna.

Jana walipoondoka kwenda ibadani, Natalia, mama na Brightness, niliingia jikoni nikachukua ndoo ya maji ya kunywa. Niliyamimina kwenye ndoo za mstari wa kiu, zile za mtama wa Bashay peke yake. Nilimimina taratibu ili udongo usichimbike. Udongo ulitoa sauti ya kufyonza. Halafu nilitandaza vumbi kavu juu, nikarudi kulala. Wakati ule sikuwaza lolote. Niliona raha, kama mtu aliyekuna panapowasha.

Leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu mlangoni. Natalia aliweka ndoo ya kwanza kwenye mizani. Akaitoa, akairudisha. Akaweka ya pili. Akachomeka kidole kwenye udongo, akakitazama.

"Mama," aliita. Sauti yake ilikuwa ya heshima, lakini nyembamba sana. "Mama, samahani. Ulizipa hizi maji?"

Mama alitoka jikoni anafuta mikono. "Maji? Mimi? Hapana."

"Mama, sitakasirika. Najua unazionea huruma. Niambie tu."

"Natalia, sijazigusa."

"Basi nani, mama? Nani mwingine anayezililia kila siku?"

Natalia akaanza kulia, na mama akasimama pale, mwanamke wa miaka karibu sabini, akitazamwa kama mwizi uani kwake. Kisha mama akanigeukia. Alisubiri. Nilikuwa na povu la sabuni shavu moja.

Nikasema, "Natalia, mwache. Mama ni mzee. Ana huruma tu."

Nimeliandika kama nilivyolisema.

Mama aliendelea kunitazama kidogo, akarudi jikoni.

Jumanne 21 Februari

Mvua hakuna. Mama ameondoka kwenda Bashay kwa dada yangu Justina. Alifunga kitenge chake kimoja na sufuria yake. Natalia alimshika mkono getini, akimwomba radhi. Mama alimwambia, "Sina neno na wewe, mwanangu." Mimi hakuniaga.

Ijumaa 24 Februari

Mvua hakuna. Alfredi alikuja, akapima mwenyewe. Hakugomba.

"Hatuwezi kuitumia," alisema. "Mtu akituuliza ilikaa muda gani bila maji, tutasemaje?"

"Tungeweza kuzipa maji aina zote," Natalia alisema polepole, "tukapima upi unainuka haraka. Nimeiwaza hiyo tangu juzi. Lakini nitakuwa naandika jambo ambalo sikulipanga kana kwamba nililipanga. Sitaki."

Alfredi aliitikia kwa kichwa. Alimwambia majani waliyoyakausha Januari ni mazima. Kunywesha siku moja hakubadilishi vinasaba. Kwa hiyo habari ya nani ni mama wa nani bado ipo. Lakini kuvumilia kiu, lile ambalo lingempa nafasi, limekwenda na msimu. Yule wa Dodoma jaribio lake limekamilika.

Nilikuwa natengeneza baiskeli hatua chache kutoka hapo. Nyororo ilikuwa nzima. Niliitoa nikaifunga tena.

Jumatatu 27 Februari

Mvua hakuna. Brightness anauliza bibi atarudi lini. Hasusi chakula, ila anakula huku anatazama mlango.

Alhamisi 2 Machi

Mvua hakuna. Natalia amenunua sukari na vitenge viwili. Anataka kwenda Bashay Jumapili kumwomba mama msamaha rasmi, pamoja na mzee wa kanisa. "Nilimvunjia heshima," anasema. "Hata kama alizinywesha, nilimpazia sauti mama yako."

Nimekaa darasani leo, kidato cha pili wakiandika, na nimeona picha hiyo: mke wangu amepiga magoti mbele ya mama yangu kwa kosa langu, mzee wa kanisa anaomba, nami nimekaa pembeni nasema amina. Nilitoka nje.

Jumamosi 4 Machi

Mvua hakuna, ila upepo umegeuka.

Nilimtangulia. Nilichukua gari la asubuhi kwenda Bashay. Mama alikuwa uani kwa Justina anapepeta maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kupepeta. Justina aliona uso wangu, akachukua ndoo akaenda zizini.

"Mama, ni mimi niliyezinywesha."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Emanuel, maji ya kunywa ya nyumba ile nateka mimi na Natalia. Nilirudi kanisani nikakuta ndoo tupu. Mtu mwenye tumbo la kuuma hanywi ndoo." Alitupa pumba. "Nikasema nitanyamaza, mwanangu ataongea. Nikangoja asubuhi. Ukaongea, ukasema mama ni mzee."

Niliokota harage lililoruka nje ya ungo.

"Kwa nini?" aliuliza. "Yule Alfredi ana jambo na mkeo?"

"Hapana, mama. Nilikwenda hadi Katesh kutazama. Hana."

"Basi?"

Nilijaribu kumweleza. Kwamba ile kazi ilikuwa yangu. Kwamba kitabu kilikuwa changu. Kwamba nikimwona Natalia anashika jani na kulijua, nahisi mtu ameingia chumbani kwangu amevaa nguo zangu, na zinamkaa kuliko mimi. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakunihurumia.

"Baba yako alipokufa sikukuomba urudi," alisema. "Nilimwambia mjomba wako akwambie uende huko chuo kikuu, nitamudu. Ulisema huwezi kuniacha. Labda ulikuwa unaniogopea mimi, labda ulikuwa unajiogopea mwenyewe. Sijui. Lakini Natalia hakuwepo siku hiyo, Emanuel. Usimlipishe yeye."

Nilimwomba turudi wote. Akakataa. "Kuniambia mimi si kazi. Mimi nilijua. Kamwambie asiyejua. Akinitaka baada ya hapo, nitakuja."

Jumapili 5 Machi

Mvua hakuna.

Nilimwambia tulipotoka kanisani, tukiwa njiani, Brightness ametangulia na watoto wenzake. Natalia alikuwa amebeba vile vitenge tayari kwa safari. Nilisema yote, hata habari za kandambili za Katesh.

Alisimama. Watu walipita wakitusalimu, naye akawaitikia wote vizuri.

"Ulifikiri nitafanya nini na Alfredi?"

"Siyo Alfredi."

"Ni nini basi?"

"Ni wewe. Nilikuonea wivu wewe."

Nilitegemea atalia, au atanipiga na vile vitenge. Alikaa kwenye jiwe kando ya njia kama aliyechoka. Akasema, "Nilikuwa nakuonyesha kila kitu. Kila siku nikirudi, wewe ndiye wa kwanza. Kumbe nilikuwa nakuchoma." Halafu uso wake ukawa mgumu. "Na ukaniacha nimwite mama mwongo."

"Ndiyo."

"Utamwambia Alfredi mwenyewe. Mimi simwambii. Na mama namfuata leo hii, peke yangu. Wewe baki na mtoto."

Alikwenda. Jioni walirudi wote wawili, wamebebeana mizigo. Mama alisalimia nyumba nzima, na mimi nikiwamo. Natalia amehamia kulala na Brightness.

Jumatano 8 Machi

Mvua hakuna. Nimekwenda Babati, kwenye ofisi ya mradi, nikamwambia Alfredi. Alivua miwani.

"Ungekuwa mtu mwingine ningekupeleka polisi," alisema. Baadaye akasema, "Ungeniambia unataka kazi, Ema."

"Ulikuwa unaona nataka."

Alifikiri. "Niliona," alisema. "Niliogopa kukuajiri. Ningekuwa bosi wako. Nisingeweza kukutazama."

Hatukupeana mkono. Ila alinisindikiza hadi stendi, na alikaa mpaka gari likaondoka.

Jumapili 12 Machi

Mvua. Ilianza wakati wa ibada, ikapiga bati kiasi kwamba mchungaji aliacha kuhubiri na watu wakaimba tu. Kipimo cha shule kilijaa maji na mbu mmoja aliyezama.

Jumatatu 13 Machi

Mvua. Mama amepanda tuta lake. Natalia amembebea mbegu.

Jumamosi 25 Machi

Mvua. Natalia amekwenda Dar es Salaam na vifuko vyake vya majani. Nafasi ya masomo ameipata wa Dodoma. Natalia atakaa maabara hadi Juni, kama msaidizi. Kabla ya kuondoka alirudi chumbani kwetu, lakini alilala amenipa mgongo, na mimi nilishukuru hata kwa mgongo.

Jumamosi 22 Aprili

Mvua, ndogo. Natalia alikuwa ameahidi kupiga simu leo, nikapanda kilimani panaposhika mtandao, mama akiwa nyuma yangu anahema. Majibu ya kwanza yametoka. Mtama wa Bashay na ule wa yule mama wa Kibarbaig, kloroplasti zao ni sawa, herufi kwa herufi. Mama mmoja.

Nilimtafsiria mama kwa Kiiraqw. Hakushangaa. "Bibi yangu mzaa mama alikuja huku kutoka bondeni, upande wa Hanang, akiwa msichana mdogo, mwaka wa njaa," alisema. "Watu wa huku walimlea. Mwambie Natalia kwamba bibi alikuja na kitu kwenye nguo. Sikuwahi kujua ni nini."

Nilimwambia Natalia. Akasema ningoje, anatafuta kalamu.

Na hapo tena, kile kitu kikaniuma. Kwamba ni yeye aliyemfanya mama aseme habari hiyo, na mimi nimeishi na mama miaka yote bila kuuliza. Naandika ili nisijidanganye. Hakijaisha.

Jumatatu 15 Mei

Mvua imekoma, mahindi yanachanua.

Leo nilifundisha usanisinuru, kidato cha tatu. Nilichora kloroplasti ubaoni, nikasema ina vinasaba vyake yenyewe. Msichana wa dawati la mbele, Glory, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini iwe na vyake? Si ni sehemu tu ya seli?"

Kulikuwa na majibu ya kumnyamazisha. Ninayo mengi.

"Sijui vizuri," nilisema. "Mke wangu ndiye anayejua. Nitamuuliza."

Darasa lilicheka. Ignasi alikuwa anapita dirishani, naye alisikia. Masikio yalinichoma hadi kengele ya mwisho.

Baada ya vipindi nilipanda kilimani nikapiga. Natalia alipokea haraka, nyuma yake mashine inavuma. Nilimuuliza kama alivyouliza Glory.

"Kwa sababu haikuwa sehemu ya seli," alisema, na sauti yake ikachangamka, nikaujua uso wake ulivyo. "Zamani sana ilikuwa kiumbe chake chenyewe, bakteria wa majini anayejitengenezea chakula kwa jua. Seli nyingine ikammeza. Haikumyeyusha. Wakaishi pamoja. Polepole vinasaba vyake vingi vikahamia kwenye kiini cha mwenyeji wake, lakini si vyote. Vichache amebaki navyo mpaka leo. Kila jani unaloliona ni wawili hao." Kisha akauliza, "Umeelewa, au nirudie?"

Nilikuwa nimeelewa.

"Rudia," nikamwambia.